Kiti Kitupu cha Saa Nne Asubuhi

Umeme ulikatika mechi ikiwa dakika ya sabini na nane.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, Mbagala, Alhamisi saa kumi jioni. Skrini nne zilizima kwa mpigo, feni ikazunguka kivivu hadi ikasimama, na kwa muda kidogo hakuna aliyesema neno. Kisha vijana wanane wakasema wote pamoja. Aliyekuwa anaongoza mbili kwa moja alitaka mechi ihesabiwe imekwisha, mwenzake alipe. Mwenzake akasema mechi haijaisha, atalipaje aliyekuwa anaenda kusawazisha? Mwenye banda hakujali nani ameshinda. Alitaka mia tatu yake, maana pedi ilishikwa na luku ililiwa.

Walibishana robo saa kwa ajili ya mia tatu.

Mimi nilikuwa na daftari mapajani na kalamu mkononi, na ndani ya simu nilikuwa na ujumbe wa mpwa wangu niliokuwa sijaujibu kwa wiki tatu.

Hesabu ya mpwa

"Shikamoo mjomba. Nimepata fremu."

Chini ya ujumbe kulikuwa na picha ya karatasi aliyoipiga mistari kwa rula. Anataka kufungua sehemu ya gemu za kompyuta, si PlayStation peke yake. Kompyuta nne za mezani, zile used za maofisini zinazojaa Kariakoo, kila moja aitie kadi ya picha ya GTX 1650. Alinieleza sababu, na alikuwa sahihi: kadi hiyo kuna aina zake zisizodai waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo hata mashine ya ofisini yenye pawa saplai ndogo inaibeba. Pamoja na skrini, hedifoni, kibodi na mausi, kila seti laki nane na nusu. Jumla 3,400,000. PlayStation 4 mbili used na TV zake za inchi 32, 1,660,000. Fremu 150,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali: 1,050,000. Meza, viti, nyaya, feni, rangi na leseni, 890,000.

Milioni saba. Nne anazo. Tatu ndizo alizokuwa ananiomba.

Upande wa pili wa karatasi kulikuwa na mapato. Viti sita, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, buku kwa saa. Elfu sabini na mbili kwa siku. Milioni mbili na laki moja na sitini kwa mwezi. "Mjomba, tukitoa na matumizi, miezi mitano hela yote imerudi."

Dada yangu, mama yake, alinipigia kesho yake. Hakutaka kusikia habari za hesabu. "Kaka, unataka mwanangu akakae na wahuni? Si hayo hayo madubwi?" Nilimweleza kwamba dubwi ni mashine ya kamari, unatia sarafu unaomba bahati, na hizo zina bodi yake na sheria zake. Hili ni jambo lingine. Alinyamaza, lakini nilimsikia hakuridhika.

Na mimi sikuwa nimeridhika. Karatasi ya kijana ilikuwa safi. Nilijua kuna mahali imepinda, ila sikujua ni wapi.

Kafe yetu

Ninayo sababu ya kuogopa, na ni haki niiseme.

Mwaka 2007 mimi na rafiki yangu tulifungua intaneti kafe Morogoro. Mashine sita, kama viti sita vya mpwa wangu. Intaneti ilitoka angani kwa dishi, mvua ikinyesha nayo inapotea, na bado watu walipanga foleni kusoma barua pepe. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu kutoka baharini tulishangilia kweli. Kasi ingepanda, bei ingeshuka. Vyote viwili vilitokea. Ila kasi ile ile na bei ile ile vikaingia pia kwenye simu za mkononi, na mteja aliyekuwa anakuja kwetu akabaki kitandani kwake na kioo cha kiganjani. Mwaka 2013 tulifunga. Mashine tuliziuza bei ya chuma chakavu.

Kwa hiyo swali la kwanza lililonikaa kichwani halikuhusu kodi wala umeme. Simu ilituua sisi. Itashindwaje kumuua huyu?

Gemu zimo simuni tayari. eFootball unaipakua bure. Free Fire bure. Kijana wa Mbagala mwenye simu ya laki mbili na bando la wiki ana uwanja mzima mfukoni. Kwa nini atoke nyumbani alipe?

Jibu nilipewa na mvulana mmoja siku yangu ya pili kwenye lile benchi. Alikuwa anasubiri zamu kwa zaidi ya nusu saa, na wakati anasubiri alikuwa anacheza mpira kwenye simu yake. Nikamuuliza, sasa si unacheza hapo hapo, unasubiri nini? Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Hapa namfunga nani? Simjui." Akamwonyesha kwa kidevu kijana aliyeshika pedi. "Mimi namtaka yule."

Nililiandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Kafe yetu ilikuwa inauza kitu ambacho mtu angeweza kuletewa mfukoni. Banda linauza yule. Linauza mtu wa kukaa naye bega kwa bega, umfunge, umcheke usoni, na kesho arudi kudai kisasi. Hilo simu haijalileta bado, na siku ile niliondoka pale nikiwa karibu kabisa kutuma zile milioni tatu.

Nashukuru sikutuma.

Mfungwa analipa

Nilikaa kwenye lile banda wiki nzima, kwa ruhusa ya mwenyewe, nikihesabu viti. Ana PlayStation nne. Mechi moja mia tatu, dakika sita kila kipindi, na ukichanganya marudio ya magoli na kubadilishana pedi, kiti kimoja kinaingiza kama buku kwa saa. Bei ni ile ile ya mpwa wangu.

Kanuni ya pale haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: mfungwa analipa, mshindi anabaki. Ni kanuni yenye akili. Inazungusha viti haraka na kumfanya anayejua acheze jioni nzima kwa mia tatu moja. Wanyonge ndio wanaolipa kodi ya fremu. Nilijiuliza kama hapa dada yangu hakuwa na hoja kidogo, maana mtoto anayeweka mia tatu yake juu ya mechi ana tofauti gani na anayeitia kwenye dubwi? Nadhani tofauti ipo: hapa anajua atalipa kiasi gani, na akifanya mazoezi anashinda. Lakini nimeona pia macho ya mtoto aliyefungwa mara tano mfululizo na hela ya unga ikaisha. Mpwa wangu nilimwambia mapema: kwako watu walipie muda.

Sasa viti. Viti vinne kwa saa 12 ni saa 48 za kuuza kila siku. Jumanne aliuza saa 15. Jumatano 15, Ijumaa 16. Jumamosi palikuwa kama sokoni, akauza 31.

Jioni hakuna pa kukanyaga. Saa nne asubuhi, feni inazungukia viti.

Hapo ndipo karatasi ilipopinda. Muuza sukari asipouza leo, kesho gunia lipo pale pale. Saa nne asubuhi ya Jumanne ikipita bila mtu kitini, imepita, huwezi kuitunza uiuze Jumamosi. Mpwa wangu alikuwa ameuza saa zote 72 kwenye karatasi, zikiwemo zile ambazo watu wapo kazini, shuleni au wamelala.

Nikapiga upya. Siku za kazi chini kidogo ya theluthi moja ya viti, wikiendi karibu theluthi mbili. Kwa viti vyake sita, hiyo ni kama 205,000 kwa wiki, au 880,000 kwa mwezi. Kodi 150,000. Kijana wa kumsaidia, 150,000. Intaneti, 70,000. Pedi, hedifoni na mausi, 60,000. Analogi za pedi, vile vijiti vya kidole gumba, zinakufa kama nzi, mwenye banda alinionyesha kisanduku kizima. Ulinzi, taka, leseni na TRA vikigawanywa kwa mwezi, 40,000. Umeme wa biashara, kwa bei ya kama 356 kwa uniti ukijumlisha kodi zake, nilikadiria uniti 260 hivi kwa mwezi, chini kidogo ya laki moja. Watu wengi huogopa umeme kuliko kitu kingine. Mimi nilishangaa kuona haumpiti hata mwenye fremu.

Inabaki laki tatu na kitu. Bado sijaweka uchakavu: vifaa vya milioni tano vikidumu miaka mitatu, kila mwezi vimekula 140,000 kimya kimya. Kwa hiyo laki moja na sabini na tano, kwa mtu anayekaa dukani saa kumi na mbili kwa siku, siku saba kwa wiki.

Ndogo. Lakini ni kitu. Kuna watu Mbagala wanalea familia kwa pungufu ya hapo.

Sweta ndani ya begi

Kisha nikaona nilichokuwa nimekihesabu.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Kwenye mlango wa banda kuna kibao kilichoandikwa kwa mkono: WANAFUNZI WENYE SARE HAWARUHUSIWI. Saa nne na dakika kumi wakaingia wavulana wawili. Tisheti za kawaida, ndala, na mabegi mgongoni. Mmoja alipovua begi lake kulikalia, zipu ilikuwa nusu wazi, na ndani niliona sweta la kijani limekunjwa na kola ya shati jeupe.

Kibao kilikataza sare. Sare ilikuwa imevuliwa njiani.

Walicheza hadi saa sita. Niliwaandika kwenye daftari kama nilivyowaandika wengine: saa mbili, kiti namba 3. Walipoondoka nikamwuliza mwenye banda, taratibu, maana nilikuwa mgeni kwake na alikuwa amenifungulia milango yake yote. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi karibu nami.

"Kaka, mimi mwenyewe nina mtoto. Wangu akikutwa banda la mtu nitamchapa." Akanyamaza. "Lakini bila wa asubuhi, kodi silipi."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Katika zile saa 15 za siku ya kazi, nne hivi zilikuwa za watoto waliopaswa kuwa darasani. Nikaziondoa. Mapato ya mwezi ya mpwa wangu yakashuka kwa laki moja na zaidi. Kile kilichobaki baada ya uchakavu kikawa kama elfu hamsini.

Elfu hamsini kwa mwezi. Kwa milioni saba.

Sikulala vizuri usiku ule. Wiki tatu nilikuwa najiuliza kama biashara hii inalipa, na sasa nilikuwa na jibu ambalo sikulitaka. Inalipa ukimkubali mtoto mwenye sweta ndani ya begi. Ukimkataa, hailipi. Na fedha ninayoombwa ni ya kumweka mtoto wa dada yangu kila asubuhi mbele ya uchaguzi huo, kodi ikiwa imekaribia.

Saa ya nani?

Jumapili mpwa wangu alikuja. Nilimwonyesha daftari, kurasa zote. Alisoma polepole. Alipofika kwenye ukurasa wa Ijumaa aliniuliza swali ambalo mimi sikujiuliza.

"Mjomba, umejuaje wote ni watoro?"

Akanikumbusha jambo ambalo kila mwenye mtoto wa kidato cha nne analijua. Mtihani unaisha Novemba. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati mamia ya vijana kila kata wanakaa nyumbani, si wanafunzi wala si wafanyakazi, wanasubiri matokeo, kisha wanasubiri kupangiwa. Wa kidato cha sita nao wanamaliza Mei na chuo kinafunguliwa karibu na mwisho wa mwaka. "Mimi nilikaa nyumbani miezi saba. Asubuhi ilikuwa yangu. Sikuwa na pa kuipeleka."

Ni kweli, na ilinigusa, kwa sababu nakumbuka miezi ile na sikumbuki kumpeleka popote.

Halafu akaanza kunieleza habari za Korea Kusini, amezisoma. Kule vyumba vya gemu vinaitwa PC bang, "bang" ni chumba. Uchumi ulipoanguka mwaka 1997 watu wengi walioachishwa kazi walitia viinua mgongo vyao humo, na gemu ya StarCraft ilipotoka 1998 vikajaa nchi nzima. "Walikuwa na shida kama sisi na wakafanikiwa." Nikamwambia asome hadi mwisho. Wenye vyumba vile wanategemea sana chakula wanachouza pale pale kitini, tambi za moto na vinywaji. Na serikali yao iliweka sheria ya saa: kijana wa umri wa shule ikifika saa nne usiku anatoka, hadi saa tatu asubuhi. Hata wao, pamoja na kuipenda gemu kiasi kile, waliona lazima waulize saa hii ni ya nani.

Tulikaa kimya. Dada alileta chai.

Ni yeye, aliyeipinga biashara hii kuliko sote, aliyetufungulia njia. Alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba juzi amelipa elfu nane steshenari kumjazia binti wa jirani fomu za mkopo wa chuo, na foleni ilimchukua asubuhi nzima.

Asubuhi nzima.

Mashine inayofanya kazi mbili

PlayStation saa nne asubuhi ni PlayStation tu. Kompyuta saa nne asubuhi inaweza kuwa kitu kingine. Inajaza maombi ya mkopo wa HESLB dirisha likifunguliwa, inaomba chuo, inaingia Ajira Portal, inachapa barua na CV, inasajili jina la biashara BRELA. Watu wanaofanya mambo haya wana shida asubuhi, ndio maana ofisi zimefunguliwa. Saa za viti vyetu vitupu ndizo saa zao.

Hapa hoja ya kijana ya kutaka kompyuta badala ya kununua PlayStation sita, ambayo mimi niliiona ni tamaa ya ujana, ikageuka kuwa ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. PlayStation ni rahisi kwa kila kiti, na karibu asubuhi yote imelala.

Lakini ilimaanisha fremu ile ya kwanza haifai. Ilikuwa ndani mtaani, nyuma ya shule mbili za msingi. Jioni ingejaa. Asubuhi ingejaa wale ambao hatukuwataka. Akatafuta wiki mbili nyingine, akapata Chang'ombe, mwendo wa miguu kutoka chuo kikuu kishiriki cha elimu. Kodi juu zaidi, laki mbili na ishirini. PlayStation moja ikaondolewa kwenye orodha, printa ikaingia.

Wanafunzi wa chuo wana asubuhi zilizokatika-katika, kipindi saa mbili, kingine saa sita. Katikati wana kazi za kuchapa. Na wakishachapa, nimewaona, wanatazama skrini ya jirani.

Nilimpa milioni mbili. Masharti yangu yalikuwa matatu. Siku za shule, mwenye umri wa shule hakai kwenye gemu kabla ya saa tisa. Aliyemaliza na anayesubiri matokeo anaandikishwa jina na shule aliyotoka, na mzazi anapigiwa simu mara moja. Na kila saa ya kila kiti iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kafe yetu ya Morogoro ilikuwa na daftari la madeni tu, hatukuwahi kuandika viti vitupu. Tungeviandika tungeona mwisho unakuja miaka miwili kabla.

Alibishana nami kuhusu lile la kumpigia mzazi. Alisema litamfukuzia wateja. Inawezekana. Nilimwambia basi liwafukuze.

Kurasa za mwezi wa kwanza

Ameanza. Kila Jumapili ananitumia picha za daftari.

Gemu inauza chini ya nilivyokadiria, wastani wa saa 14 kwa siku za kazi kwa viti vitano. Asubuhi ndiyo iliyonishangaza: kuchapa na fomu vimeingiza karibu nusu ya kile ambacho gemu imeingiza, na siku ya mvua kubwa vilizidi. Mwezi ameumaliza akiwa na laki moja na elfu kumi baada ya kila kitu, uchakavu ukiwemo. Dirisha la mikopo likifungwa sijui ukurasa utasemaje. Likizo ya Desemba nayo bado. Nimemwambia asinilipe chochote mwaka huu.

Kwenye ukurasa wa wiki ya pili kuna mstari: "J3 saa 4:20, wawili, mabegi. Nimewarudisha." Na mwingine wa siku tatu baadaye: "Wale wawili wamekuja saa 9:15. Wamelipa saa moja."

Na Jumatano iliyopita umeme ulikatika huko Chang'ombe, saa kumi na moja, viti vyote vimejaa. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024 ule mgao tuliouzoea umepungua sana, lakini nguzo bado huanguka na waya bado hukatika. Nilitaka kujua alifanyaje. Sikumpigia, nikasubiri picha ya Jumapili.

Ameandika kwa kalamu nyekundu, mistari mitano, mmoja kwa kila kiti. Wa tatu unasomeka: "Meza 3, dakika 9. Ananidai."